Kikopo cha Hyasinta

Hadithi hii ni ya kweli, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Sijaongeza chumvi wala sijapunguza. Atakayeona uongo ndani yake, hata uwe mdogo kama punje ya ulezi, aje nyumbani kwangu hapa Daa achukue jogoo wangu mwekundu, yule anayewika kabla ya majogoo wote wa Karatu. Nimeapa hivyo mbele ya mke wangu, naye ameniangalia kwa jicho ambalo sitalieleza.

Basi, Hyasinta binti Tluway alikuwa akiamka kila siku kabla ya mama yake. Alitoa ndama na mbuzi nje, maana wakati ule tulilala na mifugo ndani ya nyumba moja, akazoa samadi, kisha akatazama mekoni. Moto ukiwa umezimika usiku, alichukua kigae na kuvuka kijito kwenda kwa jirani yao Antonia, msichana wa rika lake, kuomba kaa. Antonia naye akikosa moto, alivuka kuja kwao. Kwetu jirani akija na kigae mkononi hanyimwi. Hata kama mligombana jana, unampa kaa kwanza, ugomvi mtaendelea nao baadaye.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, sabuni ikiwa adimu na sukari ikipangiwa foleni. Hyasinta alikuwa amemaliza kidato cha nne. Mwalimu mmoja wa Kimarekani aliyemfundisha alikuwa amemtafutia nafasi ya kwenda kusoma kwao, akae na familia na kulipiwa kila kitu. Habari hiyo ilipofika Daa, kijiji kizima kilianza kujiandaa kama vile kinasafiri chote.

Kiongozi wa maandalizi alikuwa mjomba wake, Bartolomeo, aliyekuwa mbeba mizigo ya watalii katika loji moja juu ya Ngorongoro. Alimletea Hyasinta sanduku lililoachwa na mtalii, kishikio chake kimekatika, akafunga ukanda wa ngozi ya ng'ombe badala yake. Kisha akaanza kumfundisha Marekani.

"Kule chakula huliwa kwa uma," alisema.

"Na maharage, mjomba?"

"Yanachomwa moja moja."

"Basi atakufa njaa kabla hajafika la kumi," alisema Antonia kutoka mlangoni, na mama yake Hyasinta akacheka hadi akamwaga maziwa.

Somo kubwa la mjomba lilikuwa baridi. Alisema baridi ya Marekani haizoeleki ukiwa umekwishafika, inajifunzwa nyumbani. Siku moja aliwapandisha wasichana wote wawili kwenye lori la loji hadi ukingoni mwa kreta, mwezi wa saba, ukungu umetanda huwezi kuona mkono wako. Akamwambia Hyasinta avue sweta asimame pale mpaka mwili uzoee. Hyasinta alisimama. Midomo ilibadilika rangi. Alipotema mate, yaliganda hewani na kuanguka juu ya jiwe yakilia ti, kama kifungo cha shati.

Wakati wa kurudi, Antonia alikohoa njia nzima, mdomo ameuziba kwa kanga.

"Vumbi," alisema.

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Katika nyumba zetu zilizojaa moshi, kikohozi hakikuwa habari. Kila mtu alikohoa asubuhi, na ndama pia.

Lakini Hyasinta alirudi na kikohozi kipya, kikavu, kisichokubali chai ya tangawizi. Alikuwa nacho bado alipokwenda hospitali ya Karatu kupimwa kwa ajili ya safari.

"Wamarekani wanataka kukijua kifua chako kabla ya kukijua kichwa chako," alisema Daktari Clemensi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. "Mashine yetu ya kupiga picha inasubiri kipuri. Nenda na kikopo hiki. Asubuhi, kabla hujanywa chochote, kohoa kutoka ndani kabisa, uniletee kohozi lako."

Hyasinta alirudi na kikopo amekishika kama yai la nyoka. Usiku ule alikohoa, akajifunika blanketi mama yake asisikie. Alikuwa na hakika. Kifua chake kilikuwa kimeoza, na kikopo kile kingewaambia Wamarekani.

Asubuhi alivuka kijito. Antonia alikuwa akipuliza moto.

"Kigae chako kiko wapi?"

"Leo sikuja kuomba moto."

"Umekuja kuomba nini?"

"Kohozi," alisema Hyasinta, akatoa kikopo.

Antonia alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango, na kicheko kikageuka kikohozi. Alipopata pumzi alinyoosha mkono. "Lete. Moto nimekupa, chumvi nimekupa, hata gauni langu la kwaya. Nikunyime kohozi?"

Hyasinta hakumchagua ovyo. Hakuna msichana pale Daa aliyebeba mzigo mkubwa wa kuni kumshinda Antonia. Alikuwa amekonda mwaka ule, kweli, lakini watu walisema ni kazi ya jembe. Alikijaza kikopo bila taabu. Hyasinta angejiuliza kwa nini ilikuwa rahisi hivyo, ila alikuwa akiwahi lori la mahindi.

Juma lililofuata Daktari Clemensi alimkalisha kwenye kiti na kufunga mlango.

"Binti, vijidudu vya kifua kikuu vimeonekana. Marekani iweke pembeni kwanza. Kesho njoo na blanketi, uanze sindano."

Hyasinta alitembea kwa miguu kurudi Daa. Alilia akiwaza ndege, sanduku, na familia ile ngeni ambayo sasa isingemfungulia mlango. Alikuwa ameshapita mashamba ya kahawa ndipo alipokumbuka kwamba kohozi lile halikuwa lake. Akasimama katikati ya barabara. Akaanza kulia upya, safari hii kwa ajili ya Antonia, akaona aibu kwamba machozi yalikuja kwa mpangilio huo.

Nyumbani alimweleza mjomba wake peke yake. Bartolomeo alikuna kidevu.

"Hakijaharibika kitu," alisema. "Tutapanda basi twende hospitali ya Wasso. Kule hawakujui. Kikohozi chako kinaisha, utatema chako mwenyewe, na karatasi itatoka safi."

"Na Antonia?"

"Antonia ana nguvu kutuzidi sisi wote. Ukifika Marekani utamtumia dawa."

"Zitachukua muda gani kufika, mjomba?"

Mjomba alianza kukaza ukanda wa sanduku, ingawa ulikuwa umekazwa tayari.

Hyasinta alilala amevaa nguo za safari. Asubuhi alikuwa uani akisubiri mjomba alipomwona Antonia akija kuomba moto, kigae mkononi. Alipofika kwenye kijito, Antonia aliketi juu ya jiwe. Msichana aliyekuwa akipanda mlima na kuni bila kutua, aliketi katikati ya mwendo wa dakika chache, kichwa ameinamisha, akihema. Kisha akanyanyuka, akapanga uso wake vizuri, akaja.

"Haya, Mmarekani. Nimekufaulisha?"

"Wamekuta kifua kikuu, Antonia. Katika lile kohozi."

Antonia alimtazama, kisha akatazama kigae chake kama vile ndicho kilichosema.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe."

"Ulijua lini?"

"Jana mchana."

"Jana," alisema Antonia taratibu. "Jana ulijua, na mimi nimelala kitanda kimoja na mdogo wangu Hhando. Nimekunywa uji, nikampa bakuli lilelile amalizie." Aliiona ile nguo ya safari, akaona na sanduku mlangoni. "Ulikuwa unakwenda wapi?"

Hyasinta alimwambia. Hakuficha hata Wasso.

Antonia aligeuka akavuka kijito kurudi kwao. Hakuchukua kaa. Katika bonde lile hakuna aliyekumbuka jirani kuondoka na kigae kitupu, na Hyasinta alisimama pale akiona ameufanyia ulimwengu wote ubaya. Mjomba alipofika na kusema basi linaondoka, alimjibu, "Nenda wewe, mjomba. Mimi naenda Karatu."

Antonia naye alikuwa ameamua kwenda, wakaenda wote watatu, Antonia mbele amemshika Hhando mkono, Hyasinta nyuma. Hospitalini Hyasinta alieleza kila kitu akiwa amesimama, macho chini. Daktari Clemensi hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza zaidi. Alichukua vipimo upya vya wote watatu, akasimamia mwenyewe.

Kohozi la Hyasinta lilikuwa safi. Kikohozi chake kilikuwa cha baridi ya kreta tu. Antonia alilazwa siku ileile, na Hhando naye akaanzishiwa dawa.

"Nisikilize," daktari alimwambia Hyasinta. "Ungeleta kohozi lako siku ya kwanza, leo ungekuwa unafunga sanduku. Uliogopa ugonjwa usiokuwa nao, ukadanganya, na uongo wako ukakunyang'anya kile ulichotaka kukilinda. Kipimo si adui, binti. Mtu akikohoa wiki mbili tatu, aje apimwe yeye mwenyewe, na asione haya, kwa sababu kifua kikuu kina dawa. Asiyepona ni yule anayefichwa au anayejificha. Ukweli wako umechelewa siku nzima, lakini umefika rafiki yako akiwa hai. Hilo ulishike."

"Na Marekani, daktari?"

"Majibu mapya nimeyaandika kwa tarehe ya leo. Siwezi kuandika nyingine."

Tarehe ya leo ilikuwa imechelewa. Yule mwalimu alileta habari kwamba masomo yalikuwa yameanza, na nafasi amepewa mtoto mwingine wa nchi nyingine. Hyasinta hakwenda Marekani, si mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Watu waliokuwa wakimuaga wakaanza kumpita kimya. Kulikuwa na siku alikaa juu ya samadi na jembe mapajani mpaka jua likazama, mama yake akimwita asisikie.

Kila Jumapili alipeleka maziwa yaliyochemshwa wodini. Antonia aligeukia ukutani. Hyasinta aliweka kibuyu dirishani, akakaa kidogo, akaondoka. Sindano za kila siku zilikwisha, vidonge vikaendelea, na mgongo wa Antonia ulikuwa bado ukutani. Hata Jumapili moja ukuta ukasema:

"Maziwa ya leo yameungua."

"Nilikuwa nawaza," alisema Hyasinta.

"Uwe unawaza baada ya kuyatoa jikoni." Kisha Antonia akageuka, akanyoosha mkono. "Lete."

Siku ya kuruhusiwa, Hyasinta alikuja na lile sanduku la mtalii. Wakatia humo nguo za Antonia, kanga, bakuli na vidonge vya miezi iliyobaki, wakashika ule ukanda wa ngozi pamoja, huyu huku na huyu kule. Hiyo ndiyo safari pekee ambayo sanduku lile lilifanya tangu liletwe Daa.

Ningeweka nukta hapa. Lakini juzi niliisoma hadithi hii mbele ya watoto wa shule yetu, na kwenye benchi la nyuma aliketi bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake. Nilipomaliza alisimama.

"Mzee, hebu rudia pale kwenye kreta. Mate yaliganda?"

"Yaliganda, mama. Yakalia ti."

"Mimi nilikuwepo. Hyasinta alitemea mguu wangu, na yalikuwa ya moto."

Watoto waliangua kicheko, na mwalimu wao akajifanya anatafuta chaki. Nilijaribu kusema upepo ulikuwa mkali upande wangu, nikakumbuka kwamba mimi sikuwepo kabisa. Tukaenda nyumbani kwangu. Mke wangu alikuwa ameshamkamata jogoo, amemfunga miguu, kana kwamba alimsubiri mdai tangu ukurasa wa kwanza.

Antonia alimtia kwapani, akaanza kupanda kilima kwenda kwao. Ni kilima kikali kile. Nilikaa mlangoni nikimtazama kwa uchungu wa jogoo wangu, nikisubiri asimame akohoe. Alifika juu bila kutua, akapotea upande wa pili, na jogoo akawika.