Harusi ya Tita Nenita

Kila jioni, wali ukiwa motoni, Jovelyn wa darasa la sita alimsomesha bibi yake Consing, aliyemwita Lola, yaani bibi kwa Kifilipino, maswali ya mtihani wa uraia wa Marekani.

"Bendera ina nyota ngapi, Lola?"

"Hamsini. Na mimi nina magoti mawili mabovu."

Wakacheka, lakini mtihani haukuwa mchezo. Lola alikuwa mkazi tu, si raia. Alikuwa amemwombea kibali binti yake aliyebaki Iloilo, Ufilipino, Tita Nenita, yaani mama mdogo wa Jovelyn, ahamie kwao Daly City, Marekani. Mkazi huruhusiwa kumwombea mtoto asiye na ndoa tu. Nenita akiolewa kabla Lola hajaapa kuwa raia, ombi lingekufa. Basi Nenita na mchumba wake Dodong walikuwa wakisubiri kwa miaka.

Lola akashindwa mtihani. Hakuweza kuisoma sentensi ya Kiingereza aliyopewa.

"Nitarudia," alimwambia Jovelyn. "Lakini kule nyumbani wasijue. Watanicheka mtaa mzima."

Jumapili Nenita alipiga simu. "Jovelyn, mama ameapa?"

Lola aliinamisha kichwa. Jovelyn akamhurumia. "Ameapa, Tita. Hata bendera amepewa."

"Dodong! Njoo usikie!"

Mwezi haukuisha, picha za harusi zikaingia kwenye simu ya Mama, mama yake Jovelyn. Mama aliziangalia akiwa bado na sare yake ya uuguzi. "Nani kamwambia Nenita kwamba Lola ameapa?"

Jovelyn akakiri yote.

Wakili waliyemwendea hakupamba maneno. "Ombi lilikufa siku ya harusi. Halifufuki."

Nenita alilia kwenye simu. "Ungesema ukweli, Jovelyn, ningesubiri tena. Nimezoea kusubiri."

Lola alirudia mtihani, akapita, akaapa, akaanza ombi jipya. Lakini foleni ya Wafilipino walio na ndoa huzidi miaka ishirini, naye Lola alikuwa na miaka sabini na minne.

Jioni ya siku ombi jipya lilipotumwa, Mama aliwaketisha wote wawili, Lola na Jovelyn. "Mama, ulimtuma mtoto aseme uongo. Hilo ni lako. Na wewe Jovelyn, ulidhani unamstahi bibi yako. Aibu ya mtihani ingekwisha kwa wiki chache. Sasa Nenita akifika, huenda akaonyeshwa kaburi. Mkubwa akikutuma useme uongo, mpe simu mkononi, umwambie kwa adabu: 'Lola, sema mwenyewe.' Hiyo ndiyo heshima."