Dalia Sita Uwanjani Valka

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha Volvo. Ya pili ilimkosa Triinu Vaher kwa unywele.

Hakungoja ya tatu.

Alijirusha nje, akabingirika kwenye lami, akainuka na Glock mkononi. Akafyatua mara mbili. Jamaa aliyekuwa dirishani ghorofa ya pili alianguka kichwa mbele hadi kwenye mapipa ya taka.

Triinu alimpekua. Simuni mlikuwa na ujumbe mmoja: "Mzuie huyo jasusi njiani, mwenzako atammaliza mzee shuleni. Saa nne."

Saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

"Mnara, huyu ni Kozi," aliita kituo chake redioni kwa majina yao ya siri, akikimbia. "Wako wawili. Mmoja nimemlaza. Mwingine yuko shuleni, upande wa Latvia. Ahirisheni sherehe."

"Haiwezekani. Mawaziri wa nchi zote mbili wameshakaa. Na mzee amegoma kushuka jukwaani."

"Mkaidi yule."

"Si alikuwa mwalimu wako?"

"Ndiyo maana najua."

Mzee Imants Krasts, mwalimu mstaafu wa hesabu, alitumia miaka miwili kulinganisha jambo moja: serikali ya Estonia na ya Latvia kila moja inatumia kiasi gani kwa mwanafunzi. Valga ya Estonia na Valka ya Latvia ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Lakini upande wa Latvia fedha za kupasha joto madarasa zilitoka maradufu, na bado watoto walitetemeka. Tofauti hiyo ilimfikisha kwa Guntars Liepa, mwenye kampuni iliyopewa kazi hiyo. Leo angesoma ripoti yake hadharani. Liepa alitaka afe kabla hajafungua kinywa.

Triinu aliingia uwanjani akihema. Loo, kazi ipo! Siku ya kufungua shule kila mtu hubeba maua ya mwalimu. Watu mia tano, na kila shada lingeweza kuficha bastola.

Akaanza kuhesabu maua. Huko hata mtoto wa chekechea anajua: aliye hai hupewa matatu, matano, saba. Idadi shufwa ni ya jeneza.

Saba. Tano. Tano. Tisa.

Sita.

Dalia sita nyekundu, mkononi mwa bwana mwenye koti la kijivu, hatua kumi kutoka jukwaani. Triinu akamshika kiwiko kama ndugu yake.

"Kaka, maua ya nani hayo?"

"Ya mzee Krasts. Alinifundisha."

"Angekufundisha yeye, ungejua kuhesabu. Sita ni za msibani."

Tabasamu likamyeyuka. Triinu akaudaka mtutu katikati ya mabua, akamsukumia mlango wa shule uliokuwa kando, hadi ndani ya chumba cha makoti. Bastola ikakohoa kwenye kizuia sauti, risasi ikamchana mkono. Jitu lile likambamiza ukutani, likamkaba koo. Giza likamwingia machoni. Aliogopa, tena sana. Aliogopa kuchelewa, mzee wa watu akauawa mbele ya watoto.

Vidole vyake vikagusa kulabu ya chuma iliyolegea. Akaing'oa. Akaizamisha shingoni mwa jitu, akaikandamiza hadi mikono ile mizito ikaachia.

Damu ikatapakaa kwenye mifuko ya viatu vya watoto.

"Mnara. Wa pili amekwisha."

"Umeumia?"

"Mzee ameanza?"

"Sikiliza mwenyewe."

Sauti ya Imants ilitoka kwenye vipaza sauti, kavu kama zamani. "Ng'ambo ya barabara, joto la mtoto mmoja ni euro mia mbili. Huku, mia nne. Baridi ni ileile, ndugu zangu. Guntars Liepa, nusu umeipeleka wapi?"

Liepa akainuka kuondoka. Polisi wawili, mmoja wa kila nchi, wakamshika mabega. Mama mmoja akasogea mbele, akasema polepole:

"Guntars, nilikuja ofisini kwako. Nilikwambia mwanangu anakohoa, darasa ni barafu. Ukaniambia nimvalishe masweta mawili. Nilimzika nayo."

Polisi wakaondoka naye.

Triinu aliufunga mkono kwa skafu, akatokea mlango wa nyuma. Redio ikakoroma: "Kozi, rudi utoe ripoti."

"Ripoti imeshasomwa," alijibu.

Akaizima, akavuka barabara kwenda Estonia kutafuta kahawa.