Pilipili Hafutiki

Shangazi ndiye aliyeanza kupiga chafya. Alikuwa amekaa sebuleni akishona kifungo, mchana kweupe, dirisha wazi, jiko limezimwa tangu asubuhi, na bado akapiga chafya mpaka sindano ikamdondoka.

"Nani anakaanga pilipili humu ndani?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa anakaanga kitu. Binti wa kaka yake alikuwa chumbani, amerudisha mlango, anafuta. Hakuwa anafuta vumbi, ingawa Mungu anajua chumba kile kilihitaji. Alikuwa anafuta maneno.

Binti huyo alikuwa mkunga mwenye cheti na mikono myepesi, ila tangu amalize chuo alikuwa amefanya kila kazi isipokuwa ya kupokea watoto. Asubuhi ile alikuwa ametoka kwenye usaili wa kliniki ya wazazi. Metroni, mkuu wa wakunga wa pale, alimuuliza atafanyaje mtoto akitanguliza miguu, naye akajibu bila kubabaika. Metroni akampenda waziwazi. Kisha akavua miwani.

"Mwanangu, mama akiwa na uchungu anamkabidhi mkunga aibu yake yote," alisema. "Kwa hiyo huwa tunapekua alichoandika mtu mtandaoni, hata cha zamani. Tukikuta pasafi, tutakuita."

Mkunga akatabasamu, akaaga, akakimbilia nyumbani.

Enzi za chuo alikuwa na ukurasa wenye sura yake na jina la Pilipili. Chini ya jina aliweka msemo: Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Humo aliwacheka wazazi wa wodi aliyokuwa akifanyia mafunzo, namna walivyolia na namna walivyowatukana waume zao. Watu walicheka naye, na sifa ni tamu, humlevya hata aliyelelewa vizuri. Posti mbaya kuliko zote ilimhusu mama aliyefiwa na kichanga, akabaki kitandani akibembeleza blanketi tupu. Pilipili akaandika: "Mwenzenu ananyonyesha blanketi. Msubirini litambae." Sasa alipoisoma alifumba macho, ingawa alikuwa peke yake. Aliona aibu, na ilikuwa aibu ya kweli.

Alipofuta posti ya kwanza, sauti ya msichana iliisoma kutoka nyuma ya kabati.

Alidhani ni simu. Akafuta ya pili. Sauti ikaisoma ya pili, karibu zaidi, kwa kicheko.

"Unaongea na nani?" shangazi akauliza kutoka sebuleni.

"Siongei, shangazi."

"Na huyo anayecheka?"

Kicheko kile mkunga alikijua, kilikuwa chake mwenyewe, cha zamani, kabla maisha hayajamfunza adabu. Angekuwa na akili angeacha, lakini mwenye shida ya kazi hana breki, akaendelea kufuta huku sauti ikitoka nyuma ya kabati na kuja chini ya kitanda, na kutoka chini ya kitanda ikaja kwenye mto, na harufu ya pilipili ikazidi mpaka machozi yakamtoka, na alipoibonyeza ile posti ya mwisho blanketi lililokuwa limekunjwa miguuni pake likajikunjua, likajiviringisha taratibu likawa na umbo la mtoto aliyefungwa vizuri, likainuka kama lililopakatwa na mtu asiyeonekana, likaanza kubembelezwa.

Shangazi alifungua mlango, akaona, akaufunga. Akaufungua tena, maana yule alikuwa mtoto wa kaka yake. Akamshika mkono, akamvuta nje.

Kabla ya magharibi aliletwa mzee mmoja mtoa majini, waliyemwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Alisimama sebuleni, akanusa.

"Huyu mmemwita wenyewe," alinong'ona. "Nani alimkaribisha?"

Mkunga akaanza kulia. Alikumbuka. Chini ya ile posti ya blanketi, mtu asiye na picha wala jina alikuwa ameandika neno moja tu: Hodi. Naye, kwa utani, akamjibu: Karibu ndani, jisikie uko kwako.

"Basi akajisikia yuko kwake," Kofia alisema. "Maneno yale yalikuwa nyumba yake. Leo umembomolea, ndiyo maana amehamia hapa. Sasa sikilizeni. Huyu hushika neno kama lilivyotamkwa, hajui utani. Nitaongea mimi peke yangu. Sawa?"

"Sawa, baba," wakaitikia.

Akasoma maneno yake, akapulizia pembe zote za sebule. Chumbani kitanda kikalia, kama mtu aliyeinuka.

"Toka humu," Kofia aliamuru.

"Nitoke niende wapi?" iliuliza sauti ya mkunga, na mkunga mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

Kofia akavuta pumzi ili amtajie pori la mbali. Lakini shangazi alikuwa amevumilia mengi siku hiyo, na hofu yake ilikuwa imegeuka hasira.

"Nenda kafanye kazi huko!" alifoka. "Umezoea kukaa bure kwenye nyumba za watu!"

Pazia la mlangoni likasogea. Harufu ikakatika papo hapo.

"Mama," Kofia alisema polepole, "si nilisema niachieni mimi?"

"Kwani vipi? Si ameondoka?"

Kofia alichukua mkoba wake. Chai aliyotengewa hakuigusa.

Usiku ule walilala vizuri. Asubuhi mkunga alipiga simu kliniki, moyo mwepesi, kuulizia majibu yake.

"Samahani, nani mwenzangu?" metroni akauliza.

Akajieleza: yule mkunga wa usaili wa jana.

Metroni akacheka. "Acha utani, dada. Huyo tulipekua kurasa zake zote, hatukukuta doa. Kabla hata sijamwita, alfajiri nimemkuta mlangoni, eti ametumwa aje afanye kazi. Nikampa sare. Yuko hapa, anazalisha."

Nyuma ya sauti ya metroni, mwanamke alikuwa akilia kwa uchungu. "Nesi, nishike, nakufa!"

"Nimekushika, mama," ilimjibu sauti changa, ikizuia kicheko. "Sukuma. Nina blanketi hapa."

"Msimpe mtoto!" mkunga alipiga kelele. "Metroni, nakuomba, msimpe mtoto!"

Lakini metroni alikuwa ameshakata simu, akasaidie.