Mtu wa Kumpeleka Nyumbani

Macho yake yalikuwa mazima, na fundi miwani alimwambia hivyo mbele ya foleni nzima.

"Dada, umesoma mpaka herufi za chini kabisa. Miwani ya nini?"

"Ya kuvaa."

"Macho ya mwewe hayo, unataka kuyafungia ndani?"

Duka zima likacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa mpokezi katika jengo la ofisi ng'ambo ya barabara: blauzi nyeupe iliyonyooka kwa pasi, rangi ya mdomo ya zambarau, na chini ya kila jicho kifuko kilichotuna kama cha mtu aliyelia hadi kukauka. Vifuko hivyo ni vya ukoo, upande wa mama. Kila asubuhi wageni waliinama mezani kwake wakauliza, "Pole dada, umefiwa?" Alitaka fremu nene nyeusi ya kuvificha, basi.

Fundi akamvalisha moja kwa vidole viwili, akarudi nyuma hatua moja.

"Haya, Usingizi. Umependeza. Bila hiyo unapendeza zaidi."

Jina likaganda hapo hapo. Wakawa wapenzi, na kwa miezi minane simu ya fundi ya mchana haikukosa.

"Usingizi wangu, umekula?"

"Nimekula, mwenye maneno mengi. Wewe je?"

"Nitakulaje na sauti yako iko mbali?"

"Kwa kijiko."

Kwa fundi peke yake ndiko mpokezi alikokuwa akivua ile fremu. Kisha siku moja akamwambia anasafiri kikazi wiki nzima, akazima simu.

Hakusafiri. Alikuwa kliniki, daktari akimchora mistari chini ya macho kwa kalamu. Wakamkata chini kidogo ya kope, wakapunguza mafuta yaliyotuna, wakamshona kwa nyuzi nyembamba kama unywele. Hayo aliyavumilia. Kilichomshinda ni fomu aliyoletewa na muuguzi.

"Haturuhusu mtu kuondoka peke yake. Nani anakupeleka nyumbani?"

Akaitazama ile nafasi tupu kwenye karatasi, macho yakiwa bado na ukungu wa dawa. Mama hayupo tena. Fundi angekuja mbio, kisha angesema mbona ulikuwa mzuri tu. Akampigia dereva wa teksi aliyemleta asubuhi. Dereva akasaini bila maswali, na penye uhusiano akaandika: kaka.

Siku zilizofuata alilala chali juu ya mito miwili, vipande vya barafu machoni, akimsikiliza jirani wa ghorofa ya juu akiburuta viti. Alianza kumjua kwa viti vyake: anakula saa saba, leo ana mgeni. Mlangoni kwake mwenyewe hapakugongwa.

Siku ya tano pakagongwa kwa ngumi.

"Safari ya kikazi, eh?" Fundi miwani alikuwa na shati la jana, na vumbi la lenzi kwenye mikono. Siku tano alikuwa akiharibu kazi za watu, lenzi ya kushoto akiikata kama ya kulia. "Nilipita mtaani hapa kumpelekea mteja miwani. Nikakuona unapandishwa ngazi, umeshikwa mkono. Yule mwanamume ni nani?"

Mpokezi akavua miwani ya jua. Chini ya macho palikuwa na rangi ya zambarau na manjano.

"Mungu wangu! Nani kakupiga?"

"Hakuna. Nimefanyiwa upasuaji. Vifuko vimetolewa. Yule ni dereva wa teksi, kliniki walitaka ndugu."

Fundi akakaa sakafuni, taratibu. "Walitaka ndugu, ukamchukua dereva. Na mimi ni nani?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo! Mimi nilivipenda."

"Najua. Siku mama alipofariki nilipigiwa simu kazini. Nikalia chooni, nikavuka barabara kuja kwako. Unakumbuka uliniambia nini?"

Fundi akafuta vumbi la lenzi mikononi.

"'Usingizi wangu kaja.' Ukaendelea na mteja. Nilisimama dukani nusu saa, macho mekundu, na wewe ndiye fundi wa macho. Jioni ikabidi nikupigie simu nikuambie. Ofisini nako hakuuliza mtu. Pole zangu zote walishanipa kabla sijafiwa."

Juu, kiti kikaburutwa.

"Sikuona," alisema fundi. "Kosa langu, na nalikiri. Lakini na wewe ulinidanganya. Niombe radhi mara moja tu, tuyafunge haya."

Mpokezi akaokota ile fremu nene mezani, akamwekea fundi kiganjani.

"Kesho saa nne natolewa nyuzi. Safari hii hawadai mtu wa kunisindikiza, naweza kwenda peke yangu. Ila nataka mtu. Nakutaka wewe."

"Na radhi?"

"Siombi."