Bip Moja ya Mchana

Stendi ya Iringa ilijaa abiria wa Mbeya. Kalista, sketi ya kijani na bisibisi mkononi, alikuwa ameinamia simu aliyoipasua tumbo alipoona katambuga mbili za tairi zimesimama mbele ya kibanda chake.

“Kamwene, dada. Nataka simu inayoshika porini.”

Akainua macho. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, ananukia moshi na asali.

“Porini wapi, kaka? Kwa simba?”

“Nyuma ya Usangu. Nina mizinga huko, nalala peke yangu. Na usinicheke.”

“Sijacheka. Meno yangu ndivyo yalivyo.”

Kijana aliitwa Nyanda, wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Kalista akamwekea habari mezani kama nyanya za kwao Ilula. Simu ya setilaiti ingemaliza zizi la baba yake, na kila mwezi ingedai tena. Simu ya upepo ilitaka kibali, na mtu mwenye nyingine upande wa pili.

“Chukua hiki kitochi cha vitufe. Chaji yake inakaa. Weka laini za mitandao miwili, kapaneli ka jua, na filimbi. Halafu utafute jiwe refu lenye mtandao, na mtu mmoja anayejua ulipo.”

“Vingine vyote nanunua. Huyo mtu ndiyo sina.”

“Huna hata kaka?”

“Mwigulu yupo. Ila simu yake inashinda zizini na ndama.” Nyanda akamtazama kwa makini. “Wewe simu yako inashinda wapi?”

Kalista akainamia bisibisi, lakini namba aliitoa.

Tangu hapo kila asali iliyotoka Usangu ilipitia kibandani, na mwenye asali alikaa mpaka chai ikapoa. Wakakubaliana: jua likizama, Nyanda atapanda jiwe na kubip. Bip moja, mzima. Bip mbili, njoo na watu. Kalista asipokee wala asipige, maana kwenye mtandao wa kudokoa simu ikiita tu inakunywa chaji.

Lakini Kalista alikuwa mtoto wa huku kwetu. Huku mtu akikubip amekuita. Mwenye salio anapiga. Kukaa na bip ya mpenzi mkononi bila kuijibu kulimwasha kama upupu. Akawa anapiga.

“Kalista, mama, tulisemaje?”

“Nilitaka sauti tu.”

“Wiki nzima mawingu, paneli haijazi. Sauti yako itaniua huku.”

“Sema kuna mtu unamficha.”

“Nimfiche kwenye mzinga?”

Kalista akakata. Zikapita jioni kadhaa za bip moja moja, kavu, na yeye kanuna. Hata hivyo kila bip ilipoingia, pumzi zilimshuka.

Siku moja, jua la saa sita likiwa juu ya stendi na wapiga debe wakigombania abiria wa Mbalizi, simu ikabip. Hata hakuangalia saa. Alitaka kusema samahani, akapiga papo hapo. Ikaita mara moja, ikakatika. Alipopiga tena, haipatikani.

Huko juu ya jiwe, Nyanda alitazama kioo kikizima mkononi mwake. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekwama kwenye ufa, umebanwa na jabali lililoporomoka alipolikanyaga. Bip ya kwanza ilikuwa imekwenda. Kidole kilikuwa juu ya kitufe kwa ajili ya pili, ndipo ile simu ya mapenzi ilipoingia na kumaliza chaji yote.

Bip moja, mzima. Sasa Kalista amekaa huko anajua yeye mzima.

Akapuliza filimbi mpaka midomo ikapasuka. Nyani wakajibu, watu hawakujibu. Akavuta mguu; jabali likaegemea zaidi. Toka hapo hakuvuta tena.

Jua lilizama Iringa bila bip. Kalista akampigia Mwigulu mpaka akapatikana.

“Shemeji, si kabip leo?” Mwigulu akauliza.

“Mara moja. Mchana.”

“Basi mzima. Si mlikubaliana wenyewe? Kanuna huyo, kama ulivyonuna wewe.”

“Shemeji, hajawahi kubip mchana. Na mimi nilimpigia. Nilimkata kabla hajamaliza.”

Ng'ombe walilia nyuma ya Mwigulu. “Una hakika?”

“Sina. Nakuja na basi la alfajiri. Tafuta vijana na jeki ya gari.”

“Jeki ya nini?”

“Sijui. Juu ya mawe anakaa, shemeji. Tafuta tu.”

Ndani ya basi alijibana dirishani, mashamba ya mahindi yakipita nje. Hakuwa na wa kumpigia. Akakaa na simu iliyonyamaza mapajani, na kila kilima kilikuwa ukuta.

Walimkuta mchana juu ya jiwe lake la mtandao, midomo myeupe, hai. Jeki ilipouma jabali, Nyanda alilia bila aibu. Walipomtoa, kichwa chake kikalala mapajani pa Kalista, naye akamfunga mguu kwa kitenge chake.

“Nilijua umehesabu moja,” Nyanda akanong'ona.

“Nilihesabu moja.”

“Sasa umekujaje?”

“Mchana wewe hunikumbuki. Mchana unakumbuka nyuki.” Machozi yakamdondokea usoni mwanamume. “Mimi ndiye niliyekumalizia chaji, Nyanda. Nisamehe.”

“Nioe kwanza.”

“Mwanamume haolewi.”

“Mwanamume aliyebebwa hivi? Nani kamwoa nani?”

Mwigulu akakohoa, akawaambia vijana watengeneze machela.

“Hapa hulali tena peke yako,” Kalista akasema. “Hilo halina ubishi.”

“Mizinga yangu niiache?”

“Sijasema uiache.”

“Basi nilale na nani?”

Kalista akakaza fundo la kitenge, akatazama mizinga iliyoning'inia chini ya miombo, ikivuma.

“Nyuki wako wanauma sana wageni?”

“Wanauma.”

“Haya. Nitavaa suruali.”