Wimbi Lilipopanda kwa Mgeni

"Dada, samahani, nishikie simu. Wamesema haiingii humu ndani."

Mshonaji aliipokea simu ya mumewe, akaitia mkobani. Neno hilo, dada, lilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki. Tangu mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, aanguke kwenye ngazi na kujipigiza kichwa, ndivyo alivyomwita, yeye mke wake wa ndoa, kana kwamba wamekutana kwenye foleni ya maji. Mtoto wao alikuwa "katoto kazuri haka". Kazi aliikumbuka. Njia ya kwenda kazini aliikumbuka. Wao wawili tu ndio waliofutika.

Kulikuwa na jina moja alilolisubiri. Enzi za uchumba, siku walipogombana kwa mara ya kwanza, mumewe alimbatiza Ndimu kwa ukali wa ulimi wake. Hakuna mwingine aliyelijua. Mwenyewe hakuwahi kulitamka ili kumkumbusha mumewe. Alitaka lirudi lenyewe, ndipo ajue mumewe naye amerudi.

Daktari alimvika mgonjwa kofia yenye nyaya, akampaka jeli baridi kichwani, kisha akaufunga mlango mzito. Wanawake wawili wakabaki nyuma ya kioo, mtoto amelala begani kwa mama yake.

"Kwa hiyo hivi vinyaya vitaniambia kama bado ananipenda?"

Daktari alicheka. "Mdogo wangu, mashine ya kupima mapenzi ikija, wa kwanza kulazwa atakuwa mume wangu. Hii inasoma umeme wa ubongo tu. Sura unayoijua ikitokea katikati ya sura za wageni, ubongo unashtuka kabla hata mdomo haujafunguka. Wimbi linapanda."

"Na kama amenisahau kweli?"

"Linaweza kupanda hata hivyo. Ubongo hutambua mambo ambayo mwenyewe hawezi kuyakumbuka. Ndiyo maana usije ukaiita mashine ya kunasa waongo."

"Hao wageni mnawatoa wapi?"

"Wageni ni sisi wenyewe! Picha za wafanyakazi. Wale aliokutana nao leo nimewaondoa."

Ndani, mgonjwa aliambiwa abonyeze kitufe kila akiona mtu anayemjua. Sura zikaanza kupita haraka haraka, zikirudi tena na tena. Ikapita ya mkewe. Hakubonyeza. Ikapita ya mtoto. Kidole hakikutikisika. Chumba kilikuwa cha baridi, na mashine ilivuma chini kwa chini kama nyuki waliojificha ukutani.

Kipimo kilipokwisha, daktari aliingia kumvua mgonjwa kofia, akamwacha ajifute, akarudi na nyaya zake kujumlisha mawimbi ya kila sura.

"Sogea uone. Huyu ni wewe."

Mstari ulikuwa umeinuka kama kilima.

"Ananijua!" Machozi yalimtoka bila hodi. "Daktari, nimo humo ndani! Jamani, nimo!"

"Umo. Na mtoto yumo." Lakini daktari hakuwa anatabasamu tena. "Ngoja kwanza. Hiki nini?"

"Nini?"

"Kuna kilima cha tatu. Kimepita chako."

Alikagua nyaya zote, akajumlisha upya. Kilima kilibaki palepale.

"Huyu tulimweka kama mgeni. Ni karani wetu wa mapokezi, yuko likizo ya uzazi. Tulimpiga picha siku ya kumuaga, nami nikaiingiza humu bila hata kumwambia. Mumeo amewahi kufika hapa?"

"Hata siku moja."

"Basi labda amefanana na mtu," daktari alisema, ila sauti yake haikuonyesha kuamini.

Simu ikalia mkobani. Kwenye kioo chake paliandikwa: *Fundi Bomba*. Kwao hakukuwa na bomba. Mshonaji akapokea, akaweka sauti ya juu, akanyamaza.

"Baba kijacho, wameshakutoa? Umewajibu nilivyokufundisha? Humjui, humkumbuki, basi. Vumilia. Yule akichoka ataondoka mwenyewe, na watu hawatakulaumu."

Daktari alijiziba mdomo. "Sauti hiyo naijua," alinong'ona, kidole kikielekea kwenye picha. "Ndiye huyu."

"Haloo? Mbona kimya?"

"Fundi, bomba limepasuka," mshonaji akajibu taratibu. "Njoo na ndoo."

Akakata. Mlango mzito ukafunguka, mumewe akatoka akijifuta jeli kwenye nywele.

"Eti dada, majibu yanasemaje?"

"Yanasema unanijua."

"Mimi? Dada wa watu, ningekujua si ningesema?"

"Na huyu?"

Akamwonyesha ile picha. Safari hii mashine haikuhitajika. Koo lake lilipanda na kushuka.

"Simjui."

"Amepiga sasa hivi. Nimekupokelea."

Daktari akainamia nyaya zake, akazikunja zilizokwisha kukunjwa.

"Ungeniambia tu," mshonaji alisema. "Ningelia, ningetukana, ningenyamaza. Lakini kunifanya nijitambulishe kwako kila asubuhi, ndani ya nyumba yangu, kama muuza sabuni? Mtoto amekuita baba, ukamuuliza baba yake yuko wapi. Umeupata wapi moyo huo?"

"Sikiliza kwanza..."

Mkewe alishamfunga mtoto vizuri kifuani, akashika njia. Korido ilikuwa ndefu na nyeupe, milango yote imefungwa.

"Ndimu! Ndimu, ngoja!"

Akasimama. Nyuma yake daktari aliwatazama wote wawili, asielewe kwa nini jina la tunda limemsimamisha mtu hivi.

Lilikuwa limerudi. Lenyewe, bila kukumbushwa, kama alivyoomba kila alipopiga magoti.

Akambusu mtoto utosini, akavuta pumzi, akajibu bila kugeuka:

"Samahani, kaka. Umenifananisha."