Homa ya Mwenyekiti

Kila asubuhi Jhunu alifagia ua, akachota maji kwenye pampu ya mtaa wetu, kisha akamsubiri mama yake amsuke nywele kabla ya kwenda shule. Mama yake, Kumudini, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha Kendupali. Muhula ule sheria ilikitenga kiti kwa wanawake, naye akashinda. Lakini mhuri wa kijiji ulikaa mfukoni mwa shati la mumewe, Baikuntha. Yeye ndiye aliyekalia kiti ofisini, na sisi tukamwita Mwenyekiti bila hata kucheka. Tulimpigia kura mke, akatawala mume, na wote tukanyamaza kimya.

Asubuhi ya mkutano wa kijiji, Baikuntha alimwita binti yake pembeni.

"Leo mama yako ana homa," alimwambia.

Jhunu alichungulia jikoni. Mama yake alikuwa anakanda unga huku akiimba.

"Mbona mzima, Baba?"

"Nimesema ana homa. Ukiulizwa, jibu hivyo hivyo."

Jhunu alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwa mjinga. Tarafa ilikuwa imetugawia pampu moja mpya ya kisima, na mkutano ndio ungeamua ichimbwe wapi. Mwenyekiti akiugua, kikao huongozwa na naibu wake, na naibu alikuwa Lokanath, tajiri mwenye kinu cha kukobolea mpunga. Lokanath aliitaka pampu hiyo mbele ya lango lake. Baikuntha naye alilima shamba la Lokanath kwa kugawana mavuno, na juzi tu tajiri huyo alikuwa amemwambia, huku akitabasamu, kwamba wanaolitaka shamba lile ni wengi.

Kumudini hakujua lolote juu ya homa hiyo. Mumewe alimwambia kwamba siku hiyo wageni wangesalimiana tu, mambo ya pampu yangezungumzwa siku nyingine, kwa hiyo abaki nyumbani awapikie.

Jhunu aliondoka na moyo mzito. Rafiki yake Sabitri, waliyekaa naye dawati moja, hakuwa ameonekana shuleni wiki nzima. Kwao ni Bondeni, mtaa wa chini wa kijiji, ambako watu wanachota maji kwenye mashimo ya mchanga mtoni, papo hapo nyati wa kufugwa wanapooga. Mdogo wake alikuwa amelazwa hospitali ya tarafa kwa kuharisha, ametundikiwa maji. Wakati wa kampeni, Kumudini alimpakata mtoto huyohuyo akawaahidi wanawake wa Bondeni kwamba pampu ya kwanza ingekuwa yao.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Ofisa wa maendeleo wa tarafa, Bibi Pratima Nayak, alifika na gari la serikali lililojaa vumbi. Alipomwona Baikuntha anasogea kwenye kiti cha mbele, alimuuliza yeye ni nani.

"Mume wa mwenyekiti, bibi."

"Mume hachaguliwi. Mwenyekiti yuko wapi?"

Watu wa nyuma waliguna. Baikuntha akasema mkewe ana homa kali, hawezi hata kusimama. Ofisa akageuka, akamwona Jhunu aliyekuwa anapanga vikombe vya chai.

"Wewe ndiye binti yake? Ni kweli mama anaumwa?"

Jhunu aliinua macho kutoka kwenye vikombe. Nyuma kabisa, miongoni mwa wanawake wa Bondeni, alikaa mama yake Sabitri, mtandio umemfunika hadi machoni. Alikuwa anamtazama.

"Ndiyo," Jhunu alijibu. "Ana homa."

Mama yake Sabitri akainamisha kichwa. Lokanath akajiweka sawa ili aanze kuongoza. Lakini yule ofisa akakipokea kikombe chake, akasema hawezi kuondoka bila kumwona mgonjwa. Akimaliza chai ataenda kumjulia hali, tena dawa anazo garini.

Baikuntha alimvuta Jhunu mkono, akamnong'oneza akimbie amwambie mama yake alale, ajifunike blanketi gubigubi, wala asiseme sana.

Jhunu alikimbia. Alipita kinu cha Lokanath, akapita pampu ya mtaa wetu, pumzi zikimwishia. Njia nzima alirudia maneno aliyotumwa. Alipofika jikoni, mama yake alikuwa anakaanga mikate kwenye mafuta, jasho linamtiririka, na sahani ya wageni imekwisha kujaa.

"Mama, Baba amesema..." Akakwama. Machozi yakamtoka. "Mama, wanaamua pampu sasa hivi. Wamesema una homa. Na mimi nimesema. Itachimbwa kwa Lokanath."

Kumudini aliepua karai. Akakaa kwenye kigoda, akaitazama mikono yake iliyojaa unga. Jhunu alijua anawaza nini, kwa sababu hata yeye alikuwa anawaza juu ya lile shamba.

"Akitunyang'anya tutalia," mama alisema taratibu. "Lakini yule mtoto nilimpakata mimi, si baba yako."

Akajitanda mtandio, akatoka bila hata kunawa. Walikutana na ofisa njiani, Baikuntha yuko nyuma yake.

"Homa imeshuka?" Bibi Pratima aliuliza.

"Sikuwa na homa, bibi. Nilikuwa jikoni wakati nilipotakiwa niwe kwenye kikao. Naomba unisamehe."

Hakumtaja mumewe hata kidogo. Lakini alipofika uwanjani alinyoosha mkono mbele yetu sote, akamwomba mhuri. Baikuntha aliutoa mfukoni polepole.

Kumudini akauliza ni akina nani wanaotaka pampu ichimbwe Bondeni. Mikono ya Bondeni ikainuka mara moja. Sisi wa juu tulimtazama Lokanath kwanza, maana nani asiyemwogopa? Kisha mkono mmoja ukapanda, na mwingine. Wa mwisho ulikuwa wa Baikuntha. Lokanath alivaa viatu vyake akaondoka bila kugusa chai.

Nyumbani Jhunu alisubiri kuchapwa. Baba yake alikaa kizingitini, akamwita.

"Nilikutuma na uongo, ukarudi na ukweli," alisema. "Nimeona aibu leo, lakini aibu hiyo niliitafuta mwenyewe. Niliogopa mtu mmoja, nikataka na wewe umwogope. Hata mimi nikikutuma uongo tena, kataa. Ambao wangeendelea kunywa maji machafu kwa sababu ya woga wangu ni watoto kama wewe."

Lokanath alilichukua shamba, kama tulivyotarajia. Msimu ule Baikuntha alichimba mitaro ya kijiji kwa kibarua pamoja na watu wa Bondeni, na nyumba yao ilionja njaa. Lakini pampu ilichimbwa, mdogo wake Sabitri akarudi akiwa mzima, na Sabitri akarudi dawatini.

Kwenye mkutano uliofuata, karani aliita, "Mwenyekiti, njoo mbele." Baikuntha, aliyekuwa amekaa chini mkekani pamoja nasi, aliinuka nusu kwa mazoea. Halafu akakaa tena, akampisha mkewe apite.